Straika Mpya wa Nini?

Nina donge kooni na nimeona heri nilitoe hapa kuliko kulitoa kwa makelele chini ya mgunga, mahali ambapo nimekwisha shindwa mara tatu kwa sababu sauti yangu ni ndogo.

Naandika muhula wa kwanza haujafika hata katikati. Mhariri ameniahidi kwamba jarida litatoka kabla hatujafunga. Likichelewa, basi haya yatakuwa maji yaliyomwagika, kwani kandanda ya shule ni ya muhula wa pili na pesa zitakuwa zimekwisha tumika.

Mnajua jambo lenyewe. Tangu tufungue shule hakuna hadithi nyingine hapa Mashuuru isipokuwa ya yule straika. Ati kuna kijana wa shule fulani, mwenye mguu wa kushoto kama rungu, ambaye yuko tayari kuhamia kwetu tukimwekea mambo sawa. Mambo yenyewe ni sare, njumu, chakula cha mchana muhula mzima na nyongeza kidogo ya karo. Wenzangu wa kamati ya michezo wamependekeza kila mwanafunzi atoe shilingi hamsini. Tuko kama mia na themanini hivi, kwa hiyo ni shilingi 9,000, kama wote watatoa. Na tayari watu wametabiri! Dawati mwenzangu amekwisha tupa kombe la zoni, la kaunti ndogo na la kaunti, na amebakisha kidogo tu atupeleke mashindano ya taifa. "Wewe, huyo jamaa akikuja, nani atatuzuia? Sema mmoja tu!"

Nitamsemea mmoja. Atakayetuzuia ni sisi wenyewe, pale nyuma.

Kabla hamjanicheka, nawaomba twende polepole. Wakati wa usajili ni wakati mtamu kuliko ligi yenyewe, nami nakiri nautamani kama wengine. Timu haijacheza, haijafungwa, na kila aliyesajiliwa ni Pelé. Mjomba wangu ni shabiki wa Ingwe, AFC Leopards, na kila msimu unapokaribia huketi na redio yake na kutuambia, "Mwaka huu ni wetu, mtaona." Ingwe walichukua ubingwa wa ligi mwaka wa 1998, kisha misimu ikapita mpaka ule wa 2024/2025 ukaisha bila kuupata tena. Muda huo wote majina mapya yaliletwa kila mwaka, na kila mwaka mjomba alitabiri. Mimi nilizaliwa na kukua hadi kufika kidato cha tatu katikati ya utabiri wa mjomba.

Sasa tazameni jirani zao K'Ogalo. Mwaka wa 2015 Gor Mahia walimaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja, na Michael Olunga akawafungia mabao 19. Mwanzoni mwa 2016 Olunga akaenda Djurgården huko Sweden. Meddie Kagere naye alikuwa ameondoka kwenda Albania. Mwaka huo Tusker wakachukua kombe. Dawati mwenzangu hupenda sana kunipiga na mfano huu. "Si unaona? Straika wakienda, kombe linaenda!" Ni kweli, siwezi kuufuta mwaka wa 2016 kwa kifutio. Lakini hebu tuendelee mbele, maana yeye hupenda kusimama hapo hapo.

Gor Mahia walirudi wakachukua kombe 2017, 2018, 2018/2019 na 2019/2020, mara nne mfululizo. Je, katika miaka hiyo hawakupoteza washambulizi? Waliwapoteza tena wale hatari kabisa. Kagere, ambaye alikuwa amerudi, aliondoka 2018 kwenda Simba ya Dar es Salaam, na huko akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili, mabao 23 kisha 22. Kombe la Kenya la 2018 bado lilibaki kwa Gor. Mwaka wa 2019 Jacques Tuyisenge akaenda Angola kuchezea Petro de Luanda, naye Francis Kahata akamfuata Kagere huko Simba. Bado Gor wakawa mabingwa, ingawa wakumbukao watasema msimu ule ulikatizwa na korona, nami nakubali.

Halafu ukaja mwaka wa 2020. Haron Shakava, nahodha na beki wa kati, akaenda Nkana ya Zambia. Joash Onyango, beki mwenzake, akaenda Simba. Nyoyo mbili za ukuta zikatoka katika likizo moja. Msimu uliofuata Tusker wakachukua ubingwa, na ule mwingine pia. Gor hawakuupata tena hadi 2022/2023.

Najua kuna jibu. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba Gor walikuwa na shida ya pesa baada ya mdhamini wao kujitoa 2019, na kwamba wachezaji walioondoka walikuwa wengi, si hao wawili pekee. Sawa, Mwalimu. Timu haianguki kwa sababu moja. Ninachosema ni kwamba waliondoka washambulizi mara mbili na nyumba ikasimama, wakaondoka mabeki wa kati mara moja na nyumba ikainama. Mtu wa kutabiri asipoliona hilo anatabiri kwa jicho moja.

Mnisamehe nikivuka mpaka. Sisi wa Kajiado tuna jamaa upande wa pili wa Namanga, na binamu yangu wa Longido ni Yanga damu. Akija likizo hatulali. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia nyuma ya timu kwanza. Yanga walichukua ligi ya Tanzania msimu wa 2021/2022, wa 2022/2023, wa 2023/2024 na wa 2024/2025. Mfungaji wao mkuu hapo mwanzo alikuwa Fiston Mayele kutoka Kongo, ambaye msimu wa 2022/2023 alifunga mabao 17. Mwaka wa 2023 akaenda Pyramids ya Misri. Nakumbuka watu wa Simba walivyosherehekea kana kwamba wao ndio waliomuuza! Binamu yangu hakutikisika. Alisema, "Diarra yupo? Mwamnyeto yupo? Job yupo? Bacca yupo? Basi lala." Kipa Djigui Diarra alikuja Yanga 2021. Bakari Mwamnyeto alikuja 2020, Dickson Job 2021 na Ibrahim Bacca mwanzoni mwa 2022. Mabao ya Mayele yalipokosekana akatokea mtu wa kiungo, Stephane Aziz Ki, akafunga 21 peke yake. Mabao hupata mtu wa kuyafunga kama nyuma kuna amani. Hata aliyesimama vibaya mbele ya goli atabahatisha siku moja.

Upande wa Simba, mwaka wa 2021 waliwauza Clatous Chama na Luis Miquissone, na msimu uleule Yanga wakawa mabingwa bila kufungwa. Wakati wa likizo ya 2024 Simba wakasajili kundi zima la watu wapya. Mmoja wao, Jean Charles Ahoua, akawa mfungaji bora wa ligi. Kombe je? Liliamuliwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga na Simba uso kwa uso, na Yanga wakashinda 2 kwa 0. Nisiwe mwizi wa hoja hapa: timu mpya iliyofika mpaka mechi ya mwisho si timu mbaya, na Simba walikuwa na ukuta mzuri msimu ule. Lakini hata hapo mfungaji bora alikuwa upande wa waliolia.

Wale wanaopenda Ulaya (na hapa darasani kwetu hao ndio wengi, hata wasioweza kutaja timu moja ya Kajiado) watanikubali nikiwaambia habari ya Real Madrid. Walikuwa mabingwa wa Hispania 2002/2003. Likizo ikaja, wakamnunua David Beckham, dunia nzima ikapiga makofi. Likizo hiyo hiyo Claude Makélélé, mtu wa kukaba mbele ya mabeki, aliomba nyongeza ya mshahara akanyimwa, akaenda zake Chelsea. Watabiri wakasema, loo, sasa nani ataweza Madrid? Msimu wa 2003/2004 Valencia ndio waliochukua ligi. Madrid walipoteza mechi zao tano za mwisho wakawa wa nne. Ni kama mtu aliyeuza mlango ili anunue pazia.

Na Leicester City, msimu wa 2015/2016? Kampuni za kamari za Uingereza ziliwapa nafasi moja kwa 5,000. Wakawa mabingwa. Watu humkumbuka Jamie Vardy na mabao yake, na ni haki yake. Lakini kipa Kasper Schmeichel na beki wa kati Wes Morgan walicheza kila dakika ya mechi zote 38. Hakuna hata wiki moja ambayo mwalimu wa timu alijiuliza, "Leo nani anakaa pale nyuma?"

Swali hilo ndilo tulilojiuliza sisi mara mbili mwaka jana, na sasa nimefika nyumbani.

Wengi hamjui kwamba mimi ndiye karani wa timu. Kucheza siwezi, miguu yangu ni ya kukimbilia kengele tu, lakini Mwalimu wa michezo alinipa daftari nami nimeandika kila bao. Mashindano ya zoni tulicheza mechi tano. Tulishinda 2 kwa 0, 3 kwa 1 na 1 kwa 0. Tulipoteza 4 kwa 2 na 4 kwa 3. Hebu jumlisheni. Tulifunga mabao 11, tukafungwa 9. Katika hayo 9 tuliyofungwa, 8 yaliingia katika mechi mbili. Na katika mechi hizo mbili sisi wenyewe tulifunga 5! Timu inayofunga mabao matatu na bado inarudi nyumbani kichwa chini haina njaa ya straika.

Sasa niwaambie ni nini kilichozifanya mechi hizo mbili kuwa tofauti. Namba tano wetu hakuwepo. Mnamjua, yule mrefu asiyesema sana, anayeketi nyuma darasani. Mechi ya kwanza alikosa kwa sababu ya kiangazi: maji yalikuwa mbali na ng'ombe wa kwao walihitaji mtu wa kuwapeleka. Hilo halina mtu wa kulaumiwa, na sisi wa huku tunajua ng'ombe hawangoji refa apulize. Mechi ya pili alikosa kwa sababu hakuwa amefanya mazoezi ya wiki hiyo, na Mwalimu ana sheria kwamba asiyefanya mazoezi hachezi. Sheria ni nzuri, siipingi.

Lakini je, kwa nini hakufanya mazoezi? Mazoezi yetu huisha saa kumi na moja na nusu jioni. Nyumbani kwao ni kilomita kama tisa, njia ya vumbi na vichaka. Akianza kutembea saa hiyo, giza linamkuta njiani na fisi wa huku si wa hadithi. Mama yake alimwambia achague mpira au usalama wake, naye akamtii mama. Ningekuwa mimi ningetii pia. Kipa wetu anakaa upande huo huo, na mara nyingi huondoka mazoezini kabla hatujafika sehemu ya kona. Kisha siku ya mechi tunamlaumu kwa mabao ya kona. Ero! Mtu hakufundishwa, atajuaje?

Shule yetu ni ya kutwa. Hatuna bweni, na timu zinazotushinda nyingi ni za bweni, ambazo mabeki wao wanalala pamoja, wanakula pamoja na kufanya mazoezi mpaka jua lizame. Nasikia watu wakisema wanatushinda kwa kuwa wana mastaa. Nimewatazama kutoka mstarini na daftari langu. Mastaa wao ni wa kawaida tu. Wanachotuzidi ni kwamba mabeki wao wanne wamecheza pamoja mpaka hawahitaji kuitana. Wetu wanakutana siku ya mechi kama watu wa matatu.

Basi hesabu yangu ni hii. Bodaboda mpaka kwao namba tano jioni ni shilingi 150. Kuna atakayeniambia wapande wawili pikipiki moja ili tuokoe pesa, lakini sheria ni abiria mmoja, na walimu wanasoma jarida hili, kwa hiyo nahesabu pikipiki mbili. Wachezaji wawili, siku mbili za mazoezi, ni shilingi 600 kwa wiki. Wiki kumi ni 6,000. Glavu za kipa, zile za bei ya chini lakini ambazo hazina tundu kama alizo nazo sasa, tuseme 1,000. Zinabaki 2,000 za mpira mpya, maana huu wetu umetobolewa na miiba ya migunga mpaka una viraka vingi kuliko suruali yangu ya kazi. Hesabu imetimia 9,000 na hatujavunja shule ya mtu mwingine.

Hapo ndipo donge langu lilipo hasa. Kijana tunayemtaka ni mtu wa kidato cha tatu kama mimi. Ana walimu wake, ana dawati lake, na mtihani wa taifa unamngoja mwaka ujao. Tukimleta kwa ajili ya mabao ya muhula mmoja, muhula wa tatu nani atamlipia chakula? Niliuliza swali hilo katika mkutano wa kamati, nikaambiwa, "Hayo tutayaona mbele." Na siku hiyo hiyo, namba tano, ambaye amekuwa nasi tangu kidato cha kwanza, alikuwa ameketi pale pale akisikiliza watu wakipanga njumu za mgeni. Yeye hucheza na viatu alivyoazima. Hakusema neno. Aliinuka saa kumi akaanza safari ya kwenda nyumbani.

Nimeulizwa, na wewe karani, utabiri wako ni upi? Sitajificha. Tukimsajili straika na namba tano akaendelea kuja mara moja moja, tutafunga mabao mengi kuliko mwaka jana, tutaimba sana, na tutatoka kwenye zoni tukiwa wa tatu au wa nne. Namba tano na kipa wakifanya mazoezi yote ya muhula, hata tukibaki na washambulizi hawa hawa mnaowaita vipofu, tutamaliza wa kwanza au wa pili na kwenda kaunti ndogo. Mbele ya hapo sioni, nami si mganga. Kiangazi kikirudi na ng'ombe wakahitaji maji siku ya mechi, utabiri wangu utakuwa umekufa, na nitauzika mwenyewe.

Dawati mwenzangu amesoma haya kabla sijayapeleka kwa Mhariri. Alisema nimeandika vizuri lakini bado anataka straika. Kisha akaniuliza bodaboda ni 150 kweli, au nimepunguza. Nikamwambia aulize stejini. Alikwenda kuuliza, jambo ambalo sikulitarajia, na akarudi na habari kwamba mmoja wao yuko tayari kwa 130 kama atalipwa kwa wiki.

Kamati inakutana tena Ijumaa ya wiki ya mwisho, baada ya vipindi. Nitakuwepo na daftari langu, na nimemwomba namba tano naye abaki siku hiyo. Nauli yake ya kurudi nyumbani nimekwisha iweka kando.